Kichwa Changu Ndani ya Tangi la Samaki

Kichwa changu kilikuwa ndani ya tangi la samaki.

Mkono ulionikandamiza shingoni ulikuwa na pete. Pete hiyo nilimvalisha mimi mwenyewe, mbele ya watu waliokuwa wakitupigia makofi.

Nilifumbua macho ndani ya maji. Samaki wangu wa rangi ya chungwa walikuwa wamejibana kwenye kona moja, wamerundikana. Sauti yake niliisikia kwa mbali, kama mtu anayeongea nyuma ya ukuta.

"Sema tena. Sema ulienda kufanya nini kwake."

Sasa utasema nini, na mdomo umejaa maji?

Jamani, kabla hamjakimbilia kwenye maoni huko chini kuniambia wanawake wa siku hizi hatuna adabu, nisomeni mpaka mwisho. Sitafuti huruma. Naandika kwa sababu kuna mtu aliniambia niandike, na huyo mtu mtamjua.

Ngoja niwaeleze tangi lilivyoingia kwetu.

Mume wangu alikuwa fundi makochi. Mtaani walimwita Fundi Sofa, na kwa kazi yake sitamsingizia, alikuwa anajua. Unampelekea kochi limechoka, limebonyea katikati hata mgeni unaona aibu kumkaribisha. Analichana, anatoa sponji kuukuu, anakata jipya, anavalisha kitambaa. Ukilirudisha sebuleni watu wanakuuliza umenunua duka gani.

Mikono hiyohiyo ndiyo iliyonisukuma kwenye ngazi nikiwa mjamzito.

Mimba ikatoka.

Alilia. Alilia kweli, hata manesi walimwonea huruma yeye kuliko mimi. Akapiga magoti kando ya kitanda, kanishika mkono.

"Niombe chochote, mke wangu. Chochote kile."

Mimi nafanya kazi mapokezi kwenye kliniki ya meno. Pale kuna tangi kubwa la samaki ukutani. Mtu anaingia ameshika shavu, anatetemeka kwa kuogopa sindano, anakaa mbele ya wale samaki, na kidogokidogo mabega yanashuka. Nilikuwa nimewaona wengi. Na mimi nilitaka mabega yangu yashuke.

"Nataka samaki," nikamwambia.

"Wa kukaanga?"

Ndivyo alivyoniuliza, jamani, machozi yakiwa bado shavuni. Nikacheka na mshono unauma.

Stendi ya tangi aliiunda yeye mwenyewe. Mbao nzito, vanishi inang'aa, miguu imechongwa kama ya kitanda cha maharusi. Tangi lenyewe likatengenezwa na mzee mmoja mwenye duka la vioo, kila mtu anamwita Mzee Vioo. Mzee kweli. Mvi mpaka kwenye nyusi, ana wajukuu, na akiinama lazima ashike kitu ndipo ainuke.

Siku ya kulifunga, sebuleni tulikuwa mimi, mume wangu, Mzee Vioo, jirani yetu dereva teksi aliyekuja kusaidia kubeba, na mama mkwe.

Huyu mama mkwe alikuwa anaishi nasi, chumba cha nyuma.

Nimwelezeje? Mara ya kwanza mwanawe aliponipiga, nilikimbilia kwake. Nikagonga mlango. Akafungua, akaniangalia mdomo unachuruzika damu, akanipa kitambaa.

"Jifute. Vumilia. Wanaume ndivyo walivyo."

Akafunga mlango, na komeo nikalisikia.

Tangu siku ile nilimchukia yule mama kuliko nilivyomchukia mwanawe.

Turudi sebuleni.

Mzee Vioo hakuweka tangi haraka. Alizunguka stendi, akaibonyeza kila kona, akaitingisha.

"Fundi, meza yako nzuri sana," akasema. "Ila upande huu imeshuka kidogo."

"Meza yangu haijashuka popote."

Mzee hakubishana. Akatoa pimamaji akaliweka juu ya ubao. Kile kiputo cha hewa kikakimbilia upande mmoja kama mtoto aliyeitwa.

Jirani akacheka.

Mume wangu naye akacheka. Wengine walisikia kicheko tu. Mimi nilisikia jioni yangu itakavyokuwa.

Mzee akainua mguu mfupi kwa kipande cha mpira mgumu mpaka kiputo kikatulia katikati. Akafuta ubao kwa kiganja, tena na tena, hata pale palipoonekana safi.

"Mbona unafuta hivyo, mzee?" nikamuuliza.

"Ikibaki punje moja tu ya mchanga chini ya kioo, maji yote uzito wake unakwenda kukaa kwenye ile punje. Leo hutaona kitu. Siku nyingine unasikia tu, paa."

Halafu akatandika kipande cha sponji, chembamba, kigumu, rangi nyeusi, kimekatwa sawasawa na tangi.

Hapo mume wangu akaona sasa tumefika kwenye mambo yake.

"Mzee, hicho nini? Kama soli ya kandambili. Mimi hapa nina sponji la kochi, nene, la daraja la kwanza."

"Hilo ni la kukaliwa na watu, mwanangu. Mtu akichoka anajigeuza. Tangi halijigeuzi. Sponji nene linabonyea pale penye uzito zaidi, tangi linaanza kuinama, na likishaanza kuinama uzito wote unahamia hukohuko. Hiki kigumu kazi yake ni kuziba mabonde madogo ya ubao, basi."

Aliongea kwa upole kabisa. Hakumdharau. Lakini jirani alikuwa anasikiliza, na mimi mkewe nilikuwa nasikiliza. Kwa mume wangu hilo lilitosha.

Mimi nilikuwa nimelala kifudifudi sakafuni namulika kwa tochi ya simu, tuone kama miguu yote ya stendi imekanyaga sawa. Mzee naye kainama kando yangu, anahema.

"Samaki wako watalala pazuri kuliko mimi," akasema. "Godoro langu mimi limekwisha."

Nikacheka. Nilikuwa sijacheka hivyo tangu nitoke hospitali.

Nilipoinua uso nikakutana na macho ya mume wangu.

Jioni, wageni wamekwenda, pampu ya hewa inaguruma taratibu, samaki wanazunguka. Nimeketi nawatazama. Akaja akasimama nyuma yangu.

"Ulikuwa unacheka nini?"

"Lini?"

"Pale chini, umelala na yule babu."

"Sikulala na mtu. Alisema godoro lake limekwisha, nikacheka tu."

"Mwanaume anakueleza habari za godoro lake, ndani ya nyumba yangu, na wewe unacheka."

"Ni mzee yule. Ana wajukuu..."

Sikumaliza. Kuna ule mkanda mpana wa mpira ambao mafundi wanaufuma chini ya kochi ndipo sponji likae. Alikuwa amerudi na kipande kutoka karakana. Sikuwa nimejua kwamba ule mkanda unaweza kuchana nguo.

Alinipiga mgongoni mpaka nikashindwa kulia. Nikiwa chini nilimwona mama mkwe amesimama kwenye korido. Tukatazamana.

Akarudi chumbani kwake. Komeo.

Niliporudi kutoka kazini siku ya pili yake, nilikuta samaki wangu kwenye ndoo. Tangi tupu, limewekwa pembeni. Mume wangu anafanya kazi huku anapiga mluzi. Kile kipande cheusi cha Mzee Vioo kilikuwa kimekatwakatwa, kipo kwenye pipa la taka. Ule mpira wa chini ya mguu pia.

Juu ya stendi alikuwa ameweka sponji la kochi. Nene. Kalivalisha kitambaa cha mahameli rangi ya damu ya mzee, kakipigilia pini za dhahabu kuzunguka.

"Humu ndani anayejua sponji ni mimi," akasema. "Njoo nisaidie kujaza maji."

Nikasaidia. Ungefanyaje?

Na lilipendeza, sitadanganya. Lilikuwa kama kiti cha mfalme. Lakini hazikupita siku nyingi nikaanza kuona maji hayako sawa. Upande wa mbele yalikuwa yamepanda karibu na ukingo, upande wa ukutani yameshuka. Mbele ndiko nilikokuwa nimepanga mawe, kwa hiyo sponji lilibonyea mbele. Ukipita kwa kishindo, maji yanacheza muda mrefu kabla ya kutulia.

Nikachagua wakati ambao ameshiba, ametulia.

"Mume wangu, naona kama tangi limeinama."

Akanishika mkono taratibu, kama mtu anayetaka kunivalisha pete. Akachukua kidole cha kati. Akakigeuza kwenda nyuma.

"Limefanyaje?"

"Limeina..."

Akaongeza.

"Limefanyaje?"

Kidole kikalia. Nilisikia kwa masikio yangu, kama kijiti kikavu.

"Halijainama," nikasema.

"Hata mimi naliona limekaa vizuri."

Kliniki niliwaambia nimebanwa na mlango. Daktari alinifunga kidole kimya. Nadhani milango yangu alikuwa ameshaizoea.

Mchana mmoja, saa ya mapumziko, miguu yangu ikanipeleka kwa Mzee Vioo. Nilitaka ushauri tu. Nikamweleza juu ya lile sponji nene na maji yaliyopanda mbele.

Akaacha kukata kioo.

"Limwage maji leo," akasema. "Na mpaka utakapolimwaga, mtu yeyote asiliegemee. Asiliguse hata kwa bega. Likisukumwa mbele halitarudi nyuma, litakuja lote."

"Siwezi kulimwaga bila ruhusa yake."

Akatazama kidole changu kilichofungwa.

"Tangi nitakuja kulitengeneza, hata bure. Hicho kidole je, nani atakitengeneza?"

Nikalia pale dukani katikati ya vioo, najiona nalia kila upande. Yule mzee akanipa kiti, akasimama mbali, mikono nyuma, kama mtu anayeogopa hata kivuli chake kunigusa.

Kumbe kijana wa karakana ya mume wangu alikuwa anapita. Akaniona nimekaa kwa Mzee Vioo nalia. Akaenda kusema.

Jirani yetu dereva ndiye aliyenipigia simu.

"Shemeji, uko wapi?"

"Nyumbani, leo nimetoka mapema."

"Toka humo. Mume wako amempiga Mzee Vioo, amempiga vibaya. Kaingia na mguu wa kochi, kamvunja mkono, kamtoa meno, kavunja vioo vyote vya duka. Mzee yuko chini, wajukuu zake wanapiga kelele. Mumeo nimemwona anakuja huko. Toka."

Nikakimbilia chumbani. Begi, nguo mbili tatu, vyeti. Kidole kimefungwa, zipu haifungi. Navuta, inakwama. Navuta...

Mlango wa mbele ukafunguka.

Niliwahi kumwona na hasira. Siku ile hakuwa na hasira. Alikuwa mtulivu, na shati lake jeupe limerukiwa na madoa madogo mekundu kama mtu aliyekuwa anapaka rangi ukuta. Akaliona begi.

"Unahamia kwake?"

"Hapana."

"Njoo basi tuwaage samaki."

Akanishika nywele. Akaniburuta korido nzima mpaka sebuleni. Nilishika fremu ya mlango, akanipiga ngumi ya mbavu, nikaachia. Nilishika kochi, kochi likaja pamoja nasi.

Na hapo ndipo mliponikuta mwanzo.

Aliniinamisha mbele ya tangi, kifua changu kwenye ukingo wa kioo, akakizamisha kichwa. Ananitoa, anauliza, sijavuta pumzi vizuri, ananirudisha.

"Ulienda kufanya nini kwake?"

"Tang..."

Maji.

"Sema."

"Tangi limeina..."

Maji tena. Safari hii hakunitoa. Nilimsikia anaongeza uzito, amenilalia mgongoni mzimamzima. Kifua kikaanza kuungua. Nikameza maji. Nikasema moyoni, basi, ndiyo nakufa hivi, kwenye maji ya samaki.

Kisha nikahisi kioo kinasogea.

Kilianza polepole. Ukingo ulioniumiza kifua ukashuka, ukaja mbele. Lile sponji lake la daraja la kwanza lilikuwa limebonyea mpaka likaisha. Maji yote yakakimbilia upande wetu. Nami nikashika ukingo kwa mikono miwili kutafuta pa kujisukumia.

Likaja lote, kama mzee alivyosema.

Wimbi lilinitupa pembeni, bega likagonga mguu wa kochi, nikasikia mfupa unakatika. Tangi likamshukia yeye. Alijaribu kulidaka, si ndiyo tabia ya fundi, kitu kikianguka anadaka. Likampiga mapajani, akaanguka nalo chini, likapasukia juu yake.

Maji yanakimbia chini ya makochi. Samaki wanarukaruka kwenye zulia.

Halafu nikaona maji yanageuka rangi.

Kipande cha kioo kirefu kama kisu cha buchani kilikuwa kimempasua paja kwa ndani. Damu haikuwa inatiririka, ilikuwa inaruka, inaruka, inaruka. Na mimi shavu langu lote limefunguka, kovu hili mnaloniuliza kila nikiweka picha.

Akanitazama. Midomo imeshakuwa myeupe.

"Nisaidie," akasema.

Kliniki tulifundishwa huduma ya kwanza. Sikufikiri. Nilitambaa juu ya vioo, nikaweka kiganja juu ya jeraha, nikalala juu ya mkono wangu kwa uzito wote. Mkono mmoja tu, mwingine haukuwa unainuka.

Nilipoinua macho, mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni.

"Mama, ita watu. Mama, anakufa."

Hakusogea.

"Mama."

"Muache," akasema.

Nilidhani maji yameniziba masikio.

"Unasemaje?"

"Muache. Inuka utoke hapo, utazidi kujikata."

"Ni mwanao huyu."

"Najua ni nani. Nimemzaa mimi."

"Nikimwachia atakufa."

"Na akipona atakuua." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ya mtu anayekuelekeza njia. "Siku za kwanza ni ngumu, halafu unalala. Mimi baba yake nilimwacha. Alinipiga, akaenda kuoga, akateleza bafuni, kichwa kikapasuka. Akawa ananiita. Nikakaa nje ya mlango mpaka akanyamaza. Watu wote walisema ajali."

Mume wangu alisikia. Niliona anavyogeuza macho kumtafuta mama yake. Jitu zima lililonizamisha sasa hivi, likaita "mama" kwa sauti ya mtoto aliyepotea sokoni.

Mama hakuitika.

Msije mkanisifu hapa. Sikumshikilia yule mwanaume kwa mapenzi. Nilikuwa namwangalia mama mkwe pale mlangoni, na nilijiona mimi mwenyewe nikizeeka, nimejifungia chumba cha nyuma, namwambia mke wa mtu ajifute damu. Niliogopa kuwa yeye kuliko nilivyoogopa kufa.

Nikapiga yowe. Nilipiga yowe mpaka koo likachanika, na jirani dereva, ambaye alikuwa ameshafika kwenye geti, akaruka ndani.

Mume wangu alipona.

Na alipozinduka, jambo la kwanza alilowaambia polisi ni kwamba mke wake alitaka kumuua. Kwamba nina mwanaume, muuza vioo. Kwamba tulipanga pamoja, tukalegeza tangi, tukalitega limwangukie. Kwamba nilimchoma kwa kipande cha kioo alipokuwa chini.

Wakanikuta na damu yake mpaka kwenye viwiko. Wakanichukua na nyuzi zangu usoni, na mkono umefungwa shingoni.

Ndugu zake walikuja mahabusu kunitukana kwa zamu. Mzee Vioo alikuwa amelazwa, taya imefungwa, hawezi kusema. Jirani aliona mwisho tu, mwanzo hakuuona. Aliyeona yote ni mtu mmoja, na huyo ni mama wa mlalamikaji. Nikajua nimekwisha. Naozea humu.

Asubuhi moja wakaniita. Mbele ya meza ya mpelelezi alikuwa amekaa mama mkwe, amevaa vizuri, mkoba mapajani.

Hakunitazama. Alikuwa anaongea na mpelelezi.

"Sponji aliliweka mwenyewe. Mkwe wangu alikuwa kazini. Nilimwona akilivalisha kitambaa na kupigilia pini. Kidole cha mkwe wangu alikivunja mwenyewe, nilisikia. Kwenye ngazi alimsukuma mwenyewe, nilikuwa juu ya ngazi. Siku ya tangi alimburuta mbele ya mlango wangu, nikafungua nikaona mpaka mwisho. Huyu binti hakumchoma mtu. Huyu ndiye aliyemziba damu."

"Mama," mpelelezi akasema, "unajua maneno haya yanampeleka mwanao gerezani?"

"Ndiyo maana nimekuja kwa miguu yangu, sijatuma mtu."

"Na siku zote hizo ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nafunga komeo."

Yule mpelelezi akaandika. Akamsogezea karatasi aweke sahihi. Mama akaweka. Kisha akairudisha ile kalamu mbele yake.

"Sasa chukua karatasi nyingine," akasema. "Andika na yangu. Nilimwacha mume wangu afe."

Kalamu ya mpelelezi ilibaki hewani. Mimi nikakaa kwenye sakafu ya kituo cha polisi bila kukaribishwa.

Hakuna aliyemlazimisha. Angeweza kunitetea mimi, siri yake akafa nayo. Mwanawe aliyekuwa ameisikia nani angemwamini, mtu aliyekuwa anapoteza fahamu?

Mimi niliachiwa. Yeye walimshikilia kwa muda, wakamwachia. Mambo yale yalikuwa ya zamani mno, na hakuna shahidi isipokuwa yeye mwenyewe. Mume wangu alifungwa, kwa yangu na kwa ya Mzee Vioo. Alitembea kuingia mahakamani anachechemea, na Mzee Vioo akasimama kutoa ushahidi na mkono ambao mpaka leo haunyooki.

Mama mkwe alikuja kwangu na mkoba wake uleule. Nilikuwa nimepanga chumba na sebule.

"Ukinifukuza nitaelewa," akasema.

Nilikaa mlangoni nikifikiri. Halafu nikampisha apite.

Ndugu wa mume wakamfuata hukohuko. Aliyewaongoza ni shangazi, dada wa yule marehemu wa bafuni. Hata kukaa walikataa.

"Ulimuua kaka yangu," shangazi akasema, "sasa umemfunga mwanao. Wewe ni mama gani?"

Nilitegemea ajitetee. Hakujitetea.

"Mwanangu alikuwa mdogo," akasema. "Alinikuta jikoni natema damu kwenye sinki. Akaniuliza, mama, kwani baba anakuchukia? Nikamwambia hapana, baba yako ananipenda sana, ndiyo maana anakasirika hivi. Akaitikia, akaenda kucheza. Mimi siku ile ndiyo nilimfunga, wifi. Polisi wamekuja kumalizia."

Shangazi ndiye aliyegeuka wa kwanza. Wakaondoka mmojammoja.

Jioni yake mama ndiye aliyeniambia niandike. "Andika yote, na ya bafuni usiyaruke. Kuna mama mwingine yuko chumba cha nyuma sasa hivi, anasikia."

Basi nimeandika.

Wewe mama unayesikia ukutani, mkwe wako akigonga usimpe kitambaa. Mpe nauli. Na mtoto akikuuliza kwa nini unapigwa, usimfundishe kwamba kipigo ni mapenzi, kwa sababu ataamini, na atakuja kumpenda mtoto wa mwenzio hivyohivyo.

Na wewe dada unayesoma hapa umejifungia chooni, umepunguza mwanga wa simu asikuone, mimi nilitoka kwa sababu tangi lilianguka. Kwako huenda kisianguke kitu. Ondoka mchana, yeye akiwa kazini.